Mpeni Mzee Wiki 12

Mzee akianguka ghafla kule Olmotonyi, mdomo ukapinda na mkono wa kulia ukakosa nguvu, kauli mbili husikika. Ya kwanza husemwa kabla hata bodaboda haijapatikana: "Ni umri huo." Ya pili husubiri arudi kutoka hospitali: "Mwacheni apumzike." Zote mbili hutoka kwa watu wanaompenda. Lakini kwa yale ambayo utafiti wa ubongo umeyaonyesha tangu miaka ya 1990, kauli hizo humnyima mzee nafasi ambayo kiharusi chenyewe kilikuwa kimemwachia.

Olmotonyi ipo kwenye mteremko wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni. Wasioishi huko wanaijua kwa Chuo cha Misitu, kilichoanzishwa mwaka 1937, na kwa mashamba ya serikali ya misindano na mikaratusi. Wenyeji wengi ni Waarusha: wanalima mahindi, maharage na viazi, wanafuga, na wanapanda na kushuka mteremko kila siku. Mzee wa huku ni mtu wa kutembea. Anashuka sokoni, anapandisha kwenda kuangalia ng'ombe, anakwenda kwenye kikao cha ukoo kwa miguu. Kiharusi kikimkamata, hakimwondolei nguvu ya mkono na mguu peke yake. Kinamtoa barabarani, na kwa mwanaume wa rika lake hilo ni kama kutolewa kwenye baraza.

Takwimu za ugonjwa huu hazihitaji kutafutwa Ulaya. Ukishuka kutoka Arusha kuelekea Moshi, ukifika uwanja wa ndege wa KIA umeshaingia Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Hapo, kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, daktari wa wazee kutoka Uingereza, Richard Walker, pamoja na watafiti wa Kitanzania, walihesabu kila kiharusi kipya kilichotokea katika vijiji vya Hai na katika mitaa kadhaa ya Dar es Salaam. Walipata wagonjwa 636. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kiliwashtua wengi waliokuwa wamezoea kuamini kwamba kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, na hadi leo ni miongoni mwa hesabu makini zaidi za kiharusi zilizowahi kufanywa Afrika kusini mwa Sahara.

Walipowafuatilia wagonjwa wa Hai, karibu robo walikuwa wamefariki ndani ya siku 28. Baada ya miaka mitatu, 6 kati ya 10 walikuwa wameshazikwa. Hawa waliobaki ndio wenye habari yetu.

Chanzo kikuu kinajulikana, nacho ni presha. Utafiti mwingine uliofanywa Hai, ukiwapima zaidi ya watu 2,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta karibu 7 kati ya 10 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Hapa niseme jambo ambalo akina mama wa Meru na Arusha hawatalipenda: magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive upesi yana sodiamu, ile ile tunayoambiwa tuipunguze kwenye chumvi. Mtu anaweza kuacha kabisa kuongeza chumvi mezani, na bado akaila kwenye sufuria.

Sasa turudi kwa mzee aliyeanguka.

Mwaka 2006 daktari wa neva wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Jeffrey Saver, alipiga hesabu ambayo inanukuliwa hadi leo. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na mgonjwa asitibiwe, kila dakika inayopita hufa seli za neva zipatazo milioni 1.9. Kwa kila saa moja, ubongo hupoteza seli ambazo kwa kawaida ungezipoteza kwa kuzeeka miaka 3.6. Chukua mzee wa miaka 70 ambaye ndugu zake wamekaa muda wa saa 4 wakijadili kama ni uchovu, malaria au mkono wa mtu. Seli alizopoteza katika kikao hicho zinalingana na kuzeeka miaka 14. Ameanguka akiwa na miaka 70, amefika hospitalini ubongo wake ukiwa umepoteza kama wa mtu wa 84.

Kwa haki, huku kaskazini hatufanyi vibaya sana kwenye suala la mkono wa mtu. Watafiti waliolinganisha Hai na Dar es Salaam, ripoti yao ikatoka mwaka 2008, waliona kwamba watu wa Dar es Salaam ndio walioelekea zaidi kukihusisha kiharusi na majini, wakati wa Hai walikitaja kama ugonjwa wa kawaida wa mwili. Shida yetu sisi ni nyingine. Tunakubali haraka kwamba ni ugonjwa, kisha tunakubali haraka vilevile kwamba ni uzee, na uzee hauna dawa.

Je, ni kweli kwamba ubongo wa mzee haurudi?

Mtu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miti ya Olmotonyi ana jibu la nusu tayari kichwani. Ukikata msindano, kisiki kimekufa. Ukikata mkaratusi, kisiki kinachipua, ila kisiki cha mti mkongwe huchipua kwa shida kuliko cha mti kijana. Ubongo uko upande wa mkaratusi. Seli zilizokufa hazifufuki, lakini zile za pembezoni mwa jeraha huanza, ndani ya siku chache, kutoa matawi mapya yanayotafuta njia ya kuunganika na jirani. Ni chipukizi hizo zinazofanya mkono uliolala wiki ya kwanza uanze kuinua kikombe wiki ya sita.

Na kweli, kwa wanyama waliozeeka kazi hiyo huenda vibaya zaidi. Aurel Popa-Wagner na wenzake, waliokuwa Greifswald nchini Ujerumani, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba panya wazee waliopata kiharusi hujenga kovu kuzunguka jeraha la ubongo mapema mno kuliko panya vijana, na kovu hilo ni kizuizi kwa matawi mapya. Mwaka 2010 kundi la Thomas Carmichael, naye wa Los Angeles, lilizichunguza seli zinazochipua zenyewe na kukuta kwamba vinasaba vinavyowashwa ndani ya seli ya mnyama mzee si vile vinavyowashwa ndani ya seli ya mnyama kijana. Kwa hiyo mzee si kijana anayekwenda polepole tu. Ubongo wake unatumia mpango tofauti wa matengenezo.

Ongeza na yale ambayo umri umeshafanya kabla ya kiharusi kufika. Ubongo umekuwa ukisinyaa taratibu tangu umri wa utu uzima, mishipa midogo imekakamaa, na kama presha imekuwepo miaka 20 bila kutibiwa, nyuzi za mawasiliano ndani ya ubongo zimeshachakaa hapa na pale. Mzee huingia vitani akiba ikiwa pungufu. Ndiyo maana hufariki zaidi kuliko vijana katika wiki za mwanzo, na hakuna mtafiti makini anayelikana hilo.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: si nilisema, ni umri huo. Lakini subiri kwanza tufike Copenhagen.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa jiji hilo la Denmark walifuatilia wagonjwa wa kiharusi waliolazwa katika hospitali moja, bila kuwachagua kwa umri wala ukali wa ugonjwa. Mwaka 1994 Hirofumi Nakayama na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 515 wakijibu swali letu moja kwa moja: umri unafanya nini kwenye kupona? Walipima mambo mawili kwa vipimo viwili. Kimoja kilipima neva zenyewe, yaani nguvu ya mkono na mguu, maneno, macho, ufahamu. Kingine kilipima maisha ya kila siku: kula mwenyewe, kuvaa, kwenda chooni, kuoga, kupanda ngazi.

Kwenye maisha ya kila siku wazee walibaki nyuma, kama kila mtu alivyotarajia. Kwenye neva, hapana. Ukishazingatia ukubwa wa kiharusi chenyewe na magonjwa mengine, umri haukuwa na athari ya peke yake katika kurudi kwa neva. Mkono wa mzee wa miaka 80 ulirudisha nguvu kwa kiasi kilichokaribiana na mkono wa mtu wa miaka 55 mwenye kiharusi cha ukubwa ule ule. Tofauti ilikuja pale kilipotakiwa kitu kingine: kubuni njia mbadala. Kijana ambaye mkono wa kulia haujarudi vizuri hujifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto, huegemea ukuta kuvaa suruali, hubadilisha namna ya kuinuka kitini. Mzee hayo humshinda zaidi, kwa sababu kubuni upya kunataka akiba ile iliyopungua, tena kunataka magoti mazima, macho yanayoona na misuli.

Nakayama na wenzake walihitimisha kwamba umri peke yake usiwe kigezo cha kumnyima mtu huduma ya kurejesha viungo, na kwamba kwa mzee nguvu ielekezwe zaidi kwenye shughuli za kila siku na njia mbadala. Ninaona hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote katika makala haya. Mpaka leo, miaka zaidi ya 30 baadaye, bado ni kawaida kusikia mzee ameruhusiwa na dawa za presha mkononi bila hata mtu mmoja kumfundisha jinsi ya kuinuka kitandani.

Copenhagen hiyo hiyo ilitoa pia ratiba ya kupona. Mwaka 1995 Henrik Jørgensen na wenzake, kwa wagonjwa 1,197, waliona kwamba asilimia 95 walifika kilele cha uwezo wao wa shughuli za kila siku ndani ya wiki 12 na nusu. Waliopata kiharusi kikali walihitaji zaidi, hadi wiki 17, na wale wa kikali sana wiki 20. Baada ya hapo mtu anaweza bado kujifunza mambo, lakini ile kasi ya bure, inayotokana na ubongo wenyewe kuchipua, inakuwa imepoa.

Ratiba hiyo haikutokea kwa bahati tu. Nchini Canada, mwaka 2004, kundi la Dale Corbett lilianza kuwafanyisha panya mazoezi siku ya 5 baada ya kiharusi, wengine siku ya 14, wengine siku ya 30. Wa siku ya 5 walipona vizuri sana. Wa siku ya 30 hawakuwa na tofauti na wale ambao hawakufanyishwa mazoezi kabisa. Kwa binadamu jibu lilikuja mwaka 2021 kutoka Washington: wagonjwa 72 waligawanywa, kundi moja likaachwa bila nyongeza, na mengine yakapewa saa 20 za ziada za mazoezi ya mkono, kila moja katika kipindi tofauti. Waliofaidika zaidi ni waliopewa kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Waliopewa ndani ya siku 30 walifaidika pia, ingawa kidogo zaidi. Waliosubiri miezi sita walikuwa sawa na ambao hawakuongezewa kitu.

Wengine wakisikia hivyo huwa na pupa. Wapo ndugu wanaotaka baba asimamishwe siku ile ile aliyolazwa. Nao wana jibu lao: mwaka 2015 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Australia, wenye wagonjwa 2,104 katika nchi tano, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mapema sana na kwa nguvu, ndani ya saa 24 za mwanzo, kulipunguza nafasi ya kupona vizuri. Anzeni mapema, ila kwa vipindi vifupi vifupi, na si siku ya kwanza kwa mabavu.

Je, "mwacheni apumzike" inagharimu nini hasa? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya njema, wastani wa umri miaka 67, kwa siku 10. Hawakuwa na kiharusi wala homa. Walipoinuka, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10 tu! Fikiria sasa mzee mwenye kiharusi aliyelala wiki sita chumba cha nyuma, anageuzwa asubuhi na jioni, analishwa uji akiwa amelala chali. Uji huo mara nyingine unaingia mapafuni badala ya tumboni, kwa sababu kiharusi hulegeza koo, na nimonia inayofuata inaitwa na majirani "kiharusi kimemrudia." Mgonjwa akalishwe ameketi wima, kidogo kidogo, na mtu amwangalie kama anakohoa baada ya kumeza maji. Hilo halihitaji daktari bingwa.

Na wale wazee wa Marekani waliolazwa siku 10 hawakuwa na sonona. Kiasi cha theluthi moja ya waliopata kiharusi huipata. Ukimwona babu amegeukia ukutani na kukataa kula, usiseme "amekata shauri kwenda." Huenda ni ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, na una matibabu.

Kuhusu dawa za kuuharakisha ubongo upone, nitapita haraka kwa sababu hakuna mengi ya kusema. Dawa ya sonona iitwayo fluoxetine ilileta matumaini mwaka 2011 baada ya utafiti mdogo wa Ufaransa. Ilipojaribiwa kwa maelfu, ikiwemo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 wenye wagonjwa 3,127, haikuwarudishia watu uwezo, na waliotumia walivunjika mifupa zaidi. Maraviroc, dawa ya VVU, ilileta gumzo mwaka huo huo wa 2019 kwa sababu inaziba kipokezi fulani kwenye seli ambacho kikizibwa panya hupona vizuri zaidi. Wapo watu, hasa wenye asili ya Ulaya, waliozaliwa kipokezi hicho hakifanyi kazi, na walionekana kupona vizuri baada ya kiharusi. Kwa Waafrika badiliko hilo la kinasaba ni adimu mno. Basi wale wanaouza chupa za "dawa ya kupooza" kwenye magari yenye spika sokoni wanauza kitu ambacho maabara tajiri kuliko zote duniani bado zinakitafuta.

Dawa moja ambayo umri ulitumika kuwanyima wazee ni ile ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayotolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa miaka mingi Ulaya iliiruhusu kwa walio chini ya miaka 80 tu. Mwaka 2012 utafiti wa wagonjwa 3,035, zaidi ya nusu wakiwa wamepita miaka 80, ukaonyesha kwamba wazee hao hawakufaidika pungufu ya vijana. Kwetu huu bado ni mjadala wa mbali kidogo. Kwanza upatikane usafiri wa kumfikisha mgonjwa kwenye kipimo cha CT-Scan kwa wakati, maana bila picha hiyo hakuna anayeweza kujua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Hadithi moja maarufu ya kupona ni ya Pedro Bach-y-Rita, mshairi na mwalimu mwenye asili ya Hispania aliyeishi New York. Mwaka 1959, akiwa na miaka 65, alipata kiharusi kilichomwacha hawezi kutembea wala kuongea. Madaktari walimkatia tamaa. Mwanawe George, aliyekuwa anasomea udaktari Mexico, akamchukua nyumbani, na kwa kuwa hakujua nadharia yoyote ya kumzuia, alianza na alichokiona kwa watoto: akamfundisha babake kutambaa. Walitambaa kufuata ukuta. Walicheza gololi chini ili mkono dhaifu ulazimike kuokota. Wakaosha masufuria, mkono ule ukizunguka na kuzunguka. Baada ya mwaka hivi mzee alirudi kufundisha. Alifariki akiwa na miaka 72, kwa moyo, akiwa anapanda mlima Colombia. Mwanawe mwingine, Paul, aliyekuwa mtafiti wa ubongo, alioneshwa picha za uchunguzi wa maiti: jeraha lile kubwa lilikuwa bado liko pale pale, halijapona. Ubongo wa mzee ulikuwa umepata njia nyingine za kupitisha kazi.

Ni mtu mmoja, na ni mtu aliyekuwa na mtoto aliyeacha yote kumhudumia. Haifai kumhukumu kila mtoto wa Olmotonyi kwa kipimo hicho. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa India uliotaka kujua kama familia zikifundishwa mazoezi zinaweza kuziba pengo la wataalamu. Wagonjwa 1,250, hospitali 14. Baada ya miezi sita, asilimia 47 ya waliokuwa na familia zilizofundishwa walikuwa wamefariki au wanategemea wengine, na kwa wasiofundishwa ilikuwa asilimia 47 ile ile. Serikali isije ikasoma makala kama haya na kuona kwamba ndugu watafanya kazi ya mtaalamu kwa bei ya chai. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasiojiweza, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Lakini dirisha hilo humhudumia mzee aliyeweza kufika dirishani. Kutoka Olmotonyi hadi hospitali ya Selian au ya Mount Meru si mbali kwa mzima. Kwa mtu anayebebwa, mara mbili kwa wiki, nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi pamoja na msindikizaji inamaliza moyo wa familia kabla ya wiki ya nne. Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia akipewa pikipiki na siku mbili kwa wiki za kupanda vijijini angefanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi zinazozinduliwa kwa utepe.

Lipo pia suala la lugha, na huku halikwepeki. Bibi wa Kiarusha amezaliwa kwenye Kimaa, Kiswahili amekijifunza sokoni na kanisani. Kiharusi kikigusa upande wa kushoto wa ubongo, lugha zake mbili hazirudi lazima pamoja. Wafaransa wawili wa karne ya 19 walitofautiana kuhusu hili: Théodule Ribot aliona kwamba ya utotoni hudumu zaidi, Albert Pitres mwaka 1895 akasema hurudi kwanza ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Kwa bibi wengi wa mlimani zote mbili zinaelekea kwenye Kimaa. Sasa muuguzi kijana kutoka mkoa mwingine anamuuliza kwa Kiswahili, "Bibi, leo ni siku gani?" Bibi ananyamaza. Inaandikwa kwenye faili kwamba hana ufahamu. Mjukuu akija jioni anamsalimu, "Koko," na anajibiwa vizuri tu. Kabla ya kuandika chochote, aitwe mtu wa kumuuliza kwa lugha yake.

Nyumbani ndiko wiki 12 zinakoliwa au kutumika. Mkono dhaifu ukiachwa, mgonjwa huzoea kuutelekeza hata pale ambapo neva zimeanza kurudi. Edward Taub wa Marekani aliliona hilo kwa kima kwanza, na matibabu aliyoyabuni, ya kuufunga mkono mzima ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi, yalithibitishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa 222 ambao angalau vidole vyao viliweza kunyanyuka kidogo. Bomani kazi za namna hiyo zimejaa: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage kwenye ungo, kukunja kanga, kukamua kitambaa. Tatizo ni heshima. Babu hawezi kupewa maharage kuchambua mbele ya wageni, na bibi akigusa ungo anaambiwa, "Acha, mama, tutafanya sisi." Ninaelewa. Lakini mzee mwenyewe akiulizwa faragha anataka kufanya.

Kuoga ni gumu zaidi. Katika jamii nyingi za Kitanzania mkamwana kumwogesha baba mkwe ni jambo zito, na mara nyingi mkamwana ndiye pekee anayeshinda nyumbani. Matokeo yake mzee haogi mpaka mwanawe arudi kutoka kazini, au anaogeshwa juu juu kwa aibu ya wote wawili. Kumfundisha mzee kuoga mwenyewe akiwa ameketi, kwa mkono mmoja, ndoo mapajani, kunamaliza tatizo ambalo hakuna kikao kingelimaliza.

Halafu choo. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kinamshinda mtu mwenye upande mmoja dhaifu, na kwa kipimo cha Copenhagen mtu asiyeweza kwenda chooni mwenyewe ameshapoteza alama nyingi, hata kama mkono wake umerudi. Huku miti ipo. Fundi seremala yeyote wa Ngaramtoni anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kisimame juu ya shimo, kimo chake kilingane na magoti ya mzee mwenyewe na si ya fundi. Miguu ya kiti ipanuliwe chini kisipinduke. Kutoka mlangoni hadi chooni wachimbie nguzo za mkaratusi na kupigilia mti wa kushikilia upande wa mkono wenye nguvu, wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi mkono wenye nguvu utakuwa upande wa pili, kwa hiyo miti iwe miwili.